Mvule Nyuma ya Mbao: Maumbile ya Mti Mkuu wa Msitu wa Mvua

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Methali hii hufunzwa katika kila ngazi ya somo la fasihi simulizi, na fasiri yake imezoeleka: kiongozi au mzazi anapoondoka, waliomtegemea hubaki bila stara. Fasiri hiyo ni sahihi. Hata hivyo, kwa kuikimbilia maana ya ndani, wasomaji wengi huipita picha ya nje pasipo kuitazama. Mti mkuu ni mti wa namna gani? Huzaaje? Nani huubebea mbegu zake? Mbali na wana wa ndege, ni viumbe gani vingine huyumba uangukapo?

Makala haya yanaichunguza picha hiyo kwa kuangazia mti mmoja ambao jina lake si geni kwa mzungumzaji wa Kiswahili, nao ni mvule. Huu ni miongoni mwa miti mikubwa ya asili katika misitu ya mvua ya Afrika, na mbao zake zimo katika milango, vitanda, meza na vyombo vya majini. Hapo ndipo penye tatizo. Mvule umejulikana mno kama mbao, na haujajulikana vya kutosha kama mti. Maelezo yaliyozoeleka ni mafupi: ni mti mkubwa utoao mbao ngumu. Maelezo hayo yanamtosha mnunuzi wa kabati, lakini hayamtoshi mtu atakaye mvule uendelee kuwapo. Kama itakavyobainika, mti huu hauwezi kudumu kwa kuachiwa shina moja kubwa lisimame peke yake. Unahitaji mwenzi wa jinsia ya pili, popo wa kuchukua mbegu, na kiasi maalumu cha mwanga kwa mche wake. Mambo hayo yote yameandikwa katika maumbile yake, na yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo shida.

Jina na Ukoo

Kwa jina la kisayansi mvule huitwa Milicia excelsa. Vitabu vya zamani huutaja kama Chlorophora excelsa, na msomaji akutanapo na majina hayo asidhani kuwa ni miti miwili. Friedrich Welwitsch, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya kukusanya mimea nchini Angola, ndiye aliyeutambulisha kwa wanasayansi wa Ulaya katika karne ya 19, akauweka katika jenasi moja na mforosadi. Baadaye ulihamishiwa jenasi ya Chlorophora, na mwaka wa 1982 mtaalamu C. C. Berg akauweka katika jenasi ya Milicia ambamo umo hadi leo. Neno excelsa ni la Kilatini, nalo lina maana ya kilichoinuka juu. Jenasi hiyo ina spishi mbili tu: mvule wenyewe na ndugu yake, Milicia regia, ambao hupatikana Afrika Magharibi pekee.

Ingawa jenasi ilibadilika, Welwitsch hakukosea kuhusu ukoo. Mvule umo katika familia ya Moraceae, ambayo ni familia ya mforosadi, mkuyu na mfenesi. Alama moja ya ukoo huu inajulikana na kila aliyewahi kupasua fenesi: utomvu mweupe unaonata. Ukilichanja gome la mvule, utomvu kama huo hutiririka. Jambo hili ni muhimu kwa sababu katika biashara ya mbao mvule huitwa mara nyingine msaji wa Afrika. Jina hilo ni la sokoni. Msaji asilia yake ni Asia na hauna udugu wowote wa karibu na mvule. Kinachoviunganisha ni rangi na uimara wa mbao. Kwa mara nyingine tena, mbao zimeupa mti jina lisilo lake.

Eneo la mvule ni pana sana. Huanzia Afrika Magharibi, ukapitia bonde la Kongo hadi Uganda, Kenya na Ethiopia, kisha ukateremka hadi Angola, Zimbabwe na Msumbiji. Kwa kuwa umeenea hivyo, una majina mengi. Waganda huuita muvule. Wayoruba huuita iroko, na jina hilo ndilo lililotwaliwa na biashara ya kimataifa. Nchini Ghana hujulikana kama odum, na katika eneo la Kongo kama kambala. Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kulihusisha jina mvule na maneno kivuli na mwavuli, hasa akiyakumbuka matawi yake mapana. Ni dhana inayopendeza, ila ufanano wa sauti peke yake hautoshi kuwa ushahidi wa asili ya neno. Uhusiano huo ungehitaji kuchunguzwa kwa kulinganisha lugha za Kibantu ambamo jina hili limo.

Suala la majina linawahusu wanafasihi pia. Katika riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, iliyochapishwa mwaka wa 1958 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, mti wa iroko umetajwa. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuona kama mti wa mbali, wa nchi ya Waigbo, usiokuwa na sura akilini mwake. Ilhali ndio mvule. Mti ambao kwa Okonkwo ni kipimo cha urefu na ukuu unaweza kuwa umesimama nyuma ya nyumba ya msomaji huyo huko Busia au Kwale.

Umbo la Mti

Mvule uliokomaa katika mazingira mema hufikia urefu wa mita 50, kadiri ya jengo la ghorofa 15. Shina lake hunenepa hadi kipenyo cha mita 2, na mara nyingine zaidi. Shina hilo husimama wima, mviringo kama nguzo, na aghalabu halitoi tawi hata moja mpaka limepanda mita 20 au zaidi kutoka ardhini. Umbo hili lina maelezo yake. Katika msitu mnene mwanga wa jua uko juu, na mti unaotaka mwanga hauna haja ya kutumia nguvu zake kulisha matawi ya chini yatakayokaa gizani. Matawi hayo hufa na kudondoka, na shina hubaki laini. Jambo linalomvutia mpasua mbao kwa mvule, yaani shina ndefu lisilo na vifundo, ni historia ya mti huo wa kuutafuta mwanga.

Miti mingi mikubwa ya msitu wa mvua hujitegemeza kwa mbawa pana za mti zinazochomoza chini ya shina na kuenea pande zote. Mvule kwa kawaida hauna mbawa hizo, na ukiwa nazo ni fupi na butu. Gome lake huwa la kijivu utotoni, kisha hugeuka rangi ya hudhurungi iliyokoza na kukwaruza kadiri mti unavyozeeka. Chini ya gome la nje mna ngozi ya ndani yenye rangi ya malai, iliyonyunyiziwa madoadoa ya rangi ya kahawia. Juu kabisa matawi manene hutanda na kufanya paa lenye umbo la mwavuli, ambalo hupita vilele vya miti mingine na kuonekana kutoka mbali.

Majani yake ni sahili, nayo hupangika kwa kupishana kwenye kitawi. Jani la mti mzima lina umbo la yai, urefu wake ukiwa kati ya sentimita 5 na 20, na kingo zake karibu ni laini. Jani la mche ni kitu kingine: lina vinyweleo, hukwaruza likiguswa, na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Tofauti hii huwapoteza wengi. Mtu anaweza kuung'oa mche wa mvule shambani mwake akidhani ni gugu, huku akiusifu mti mzazi uliosimama hatua chache kutoka hapo. Aidha, mvule hupukutisha majani yake kwa muda katika msimu wa kiangazi, kisha huchipua upya. Anayeukuta katika hali ya utupu asidhani kuwa umekauka.

Mvule Dume na Mvule Jike

Sifa ya mvule ambayo haionekani katika mbao hata kidogo ni jinsia. Kuna mvule dume na mvule jike, kila mmoja ukiwa mti mbali. Dhana hii si ngeni kwa Waswahili. Mkulima yeyote wa pwani ajua kuwa mpapai dume hutoa maua mengi yanayoning'inia pasipo kuzaa, na kuwa mapapai hutoka kwenye mpapai jike. Mvule hufuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa kwamba maua yake yako juu mno kwa macho ya mpita njia.

Maua ya dume ni madogo sana, meupe, nayo hushikana kwenye vishada vyembamba kama mikia vinavyoning'inia kutoka kwenye vitawi. Kishada kimoja chaweza kufikia sentimita 15 au zaidi. Maua ya jike hukusanyika katika vishada vifupi, vinene, vya rangi ya kijani, ambavyo huonekana kama vina nywele kwa sababu kila ua hutoa nje uzi mwembamba wa kupokelea chavua. Mchukuzi wa chavua ni upepo. Vishada vya dume hutikiswa, chavua hupeperuka, na nyuzi za maua ya jike huinasa.

Mpango huu una faida na hatari. Faida yake ni kwamba mti hauwezi kujizalisha wenyewe, hivyo basi kila mbegu ina wazazi wawili tofauti na uzao huwa na nguvu za urithi mseto. Hatari yake huonekana pale mivule inapopungua. Upepo hauna nia wala shabaha. Kadiri dume na jike wanavyotengana, ndivyo chavua inavyozidi kupotea njiani. Katika eneo lililobaki na mivule michache, kuukata mmoja kunaweza kuwa ni kuliondoa dume la pekee. Wanaobaki watasimama, watachanua, watapendeza, lakini uzao wao umekwisha kukatwa. Zaidi ya hayo, mivule haitambuliki jinsia yake kwa kutazama shina. Mpaka itoe maua, dume na jike ni sawa mbele ya msumeno.

Hii ndiyo sababu desturi ya kuacha mti mmoja mkubwa, ambayo inasifika na inafaa kuendelezwa, haitoshi kwa mvule. Katika maeneo kama Busia na Siaya, pamoja na Busoga nchini Uganda, mivule mingi iliyosalia imesimama mashambani, kando ya maboma na njia. Ni mabaki ya misitu iliyofyekwa, ikaachwa kwa sababu ya kivuli, kwa heshima ya ukubwa wake, au kama akiba ya mbao. Kila mmoja waonekana salama. Lakini swali la msingi si kama mti huu upo. Ni kama mwenzi wake yupo umbali ambao upepo unaweza kuvuka.

Tunda, Mbegu na Popo

Jike likishapata chavua, kishada kizima hunenepa na kuwa tunda moja lenye nyama na maji, mfano wa forosadi lakini la kijani. Kwa hakika ni matunda mengi madogo yaliyoshikana, kama lilivyo fenesi, ingawa lile la mvule ni la sentimita chache tu. Ndani yake mna mbegu nyingi ndogo, kila moja ikiwa na urefu wa takriban milimita 2. Kilo moja ya mbegu huwa na mamia ya maelfu ya mbegu. Ni ajabu kwamba mti wa mita 50 hutokana na chembe isiyozidi punje ya mtama.

Mbegu hizo zikianguka chini ya mzazi wake hazina maisha marefu. Kivuli kizito cha msitu huzinyima mwanga, na mche wa mvule hauvumilii giza. Mti huu ni wa kundi la miti inayotangulia kuota penye uwazi, mathalani pale mti mwingine ulipoanguka au shamba lilipoachwa. Hivyo mbegu zinahitaji kupelekwa mbali. Ndege na kuchakulo huchangia, lakini mchukuzi aliye mahiri zaidi ni popo mla matunda aitwaye kwa sayansi Eidolon helvum, mwenye manyoya ya rangi ya nyasi kavu, na ambaye mabawa yake yakitandazwa hufikia sentimita 75 hivi. Popo hawa huishi katika makundi makubwa na husafiri masafa marefu. Katika msitu wa Kasanka nchini Zambia hukusanyika kwa mamilioni kati ya Oktoba na Desemba kila mwaka.

Popo hulila tunda la mvule kwa kulifyonza maji yake na kutema makapi, lakini mbegu, kwa udogo wake, humezwa pamoja na maji hayo. Baada ya muda mfupi huzitoa akiwa safarini. Tofauti na ndege wengi wa msituni, popo huyu hakatai kuruka juu ya mashamba na nyanda zilizo wazi, na huko ndiko mche wa mvule unakoweza kupata mwanga. Mti uliosimama karne nzima mahali pamoja husafiri usiku kwa mabawa ya popo.

Katika ngano nyingi popo ni kiumbe wa kudharauliwa, asiye ndege wala mnyama, anayekataliwa na pande zote mbili. Nje ya ngano pia hana bahati. Huwindwa kwa ajili ya nyama katika sehemu za Afrika Magharibi, hufukuzwa mijini kwa sababu ya kelele na uchafu, na huogopwa kwa hofu ya magonjwa. Mfukuza popo hawezi kuona kwamba anaufukuza mvule. Methali ya wahenga iliwataja wana wa ndege watakaoyumba mti ukigwa. Botania inaongeza kuwa popo wakitoweka, ni mti utakaoyumba.

Mche na Adui Wake

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa mbegu ni nyingi hivyo, kwa nini mivule isipandwe kwa maelfu kama inavyopandwa mikaratusi na misonobari? Swali hili liliwashughulisha maafisa wa misitu katika karne ya 20, na jibu lao lilikuwa chungu. Mbegu huota vyema kitaluni. Miche huanza kukua kwa matumaini. Kisha hufika mdudu.

Mdudu huyo ni mdogo, wa jenasi ya Phytolyma, na maisha yake yamefungamana na mivule. Jike hutaga mayai kwenye vichipukizi na majani machanga. Tunutu akianguliwa hupenya ndani ya tishu laini, na mmea humzingira kwa kuunda uvimbe. Ndani ya uvimbe huo tunutu hula na kukua akiwa amejificha. Akikomaa, uvimbe hupasuka, mdudu hutoka na kuruka. Kidonda kinachobaki huingiwa na kuvu, chipukizi huoza na kufa hadi kwenye sehemu ngumu ya shina. Mche hujitahidi kuchipua tena, nao wadudu hurudi kwenye machipukizi mapya. Mche ulioshambuliwa mara nyingi hudumaa ukawa kichaka, au hufa. Mti mkubwa haudhuriki sana kwa kuwa una machipukizi mengi ya kupoteza.

Sasa lipo fumbo. Mche wa mvule hupenda mwanga, lakini mche uliopandwa juani, pamoja na wenzake mamia katika mistari, ndio unaoshambuliwa zaidi. Ule uliomea chini ya kivuli chepesi, mmoja mmoja kati ya miti ya aina nyingine, hupona mara nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, mdudu huyu huadhibu upandaji wa mti wa aina moja na huuachia nafasi mseto wa msitu wa asili. Watafiti, hususan nchini Ghana, wamefuata njia mbili: kuichagua mivule iliyo na ukinzani wa asili dhidi ya mdudu huyo, na kuipanda ikiwa imechanganywa na miti mingine inayoipa kivuli cha wastani. Njia hizo zinaleta matumaini, lakini zinahitaji subira na miti mingi mizazi yenye sifa tofauti. Mti mzazi ukikatwa kabla ya kuchunguzwa, ukinzani wake hukatwa pamoja nao.

Kwa hivyo ahadi inayotolewa kila mara, kwamba mti mmoja ukikatwa ipandwe miwili, haina budi kupimwa upya kwa habari ya mvule. Kupanda si kukuza. Kati ya mche wa kitaluni na mti wa mita 50 pana mdudu, pana giza, na pana miongo mingi ya kungoja.

Jiwe Ndani ya Shina

Wapasua mbao wa Afrika Magharibi na Mashariki wanajua kuwa mvule unaweza kuvunja meno ya msumeno. Ndani ya shina, hasa palipokuwa na jeraha au uwazi, huweza kupatikana donge gumu jeupe kama jiwe. Ni jiwe kweli, la kalsiamu kaboneti, jamii ya chokaa. Baadhi ya jamii zimelihusisha na nguvu zisizo za kawaida, na si ajabu, kwa kuwa kukuta jiwe moyoni mwa mti ni jambo la kushangaza.

Mwanzoni mwa karne ya 21 watafiti waliochunguza mivule nchini Côte d'Ivoire walieleza jinsi chokaa hiyo inavyotokea. Mvule huunda fuwele za kalsiamu okzaleti ndani ya tishu zake. Sehemu za mti zinapokufa na kuoza, kuvu huzivunja na kuziachilia fuwele hizo. Kisha bakteria wa aina maalumu hula okzaleti, na matokeo ya mlo wao ni kaboneti. Baadhi hujikusanya shinani, na nyingine hujikusanya udongoni kuzunguka mizizi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba udongo wa eneo hilo kwa kawaida una asidi na haupaswi kuwa na chokaa, lakini ule ulio chini ya mvule hugeuka kuwa wa alikali. Isitoshe, kaboni iliyomo katika chokaa hiyo ilitoka hewani kupitia majani, na ikiwa imekuwa jiwe huweza kukaa ardhini muda mrefu kuliko ile iliyomo katika majani na kuni.

Mti huu, basi, hubadilisha ardhi unaposimama. Ukiondolewa, kinachopotea si kivuli na mbao tu. Ni kazi ya pamoja ya mti, kuvu na bakteria iliyofanywa polepole kwa miaka mingi pale pale.

Mbao na Bei Yake

Baada ya kuutazama mti, ni haki kuzitazama mbao. Mbao za kiini cha mvule huwa za manjano zinapokatwa, kisha hukolea na kuwa kahawia ya dhahabu zikikaa katika mwanga. Hustahimili mchwa na kuoza hata pasipo kutiwa dawa, kwa sababu mti hujaza kiini chake kemikali za kujikinga. Kemikali hizo ndizo zinazowawasha baadhi ya maseremala ngozi na kuwakera pumzi wanapovuta vumbi la msumeno. Uimara huo, pamoja na wepesi wa kufanyiwa kazi, umeufanya mvule upendwe kwa milango, samani, mihimili na mashua.

Sifa iliyoukinga mti dhidi ya mchwa ndiyo iliyouponza kwa binadamu. Mwaka wa 1998 mvule uliorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) miongoni mwa miti iliyokaribia kuwa hatarini. Nchini Kenya hupatikana pwani, ikiwemo Hifadhi ya Shimba Hills katika Kwale, na vilevile magharibi mwa nchi na sehemu za Meru. Pwani kuna mfano wa ulinzi usiotegemea mlinzi mwenye bunduki. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2008, ilidumu kwa sababu miiko ya wazee ilikataza ukataji wa kiholela. Ubora wa miiko hiyo kibotania ni kuwa iliulinda msitu mzima: mti dume na mti jike, mkubwa na mche, popo na kuvu. Haikuteua shina moja la kuhurumiwa.

Hitimisho

Makala haya yameueleza mvule kwa kuanzia jina na ukoo, yakapitia umbo, maua, tunda, mche na udongo, na kuishia kwenye mbao. Imebainika kwamba kila hatua ya maisha ya mti huu inategemea kiumbe au hali iliyo nje yake: upepo na mwenzi kwa chavua, popo kwa mbegu, kivuli cha wastani na majirani wa aina nyingine kwa mche, kuvu na bakteria kwa chokaa. Ukuu wa mti mkuu si wa upweke.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza linahusu leksikografia. Fafanuzi za miti katika Kiswahili zinafaa kupanuliwa ili mti usielezwe kwa matumizi yake pekee. Kuongeza kwamba mvule una dume na jike, una utomvu mweupe, na ni wa ukoo wa mkuyu na mfenesi, kungegharimu mstari mmoja tu wa kamusi, na maneno yote yanayohitajika yamo katika lugha tayari. La pili linahusu fasihi. Mwandishi anayeandika kuwa wahusika wake walikaa chini ya mti mkubwa amesema kidogo. Anayeandika kuwa walikaa chini ya mvule jike uliokuwa ukidondosha matunda yaliyotafunwa na popo amemwonyesha msomaji mahali, msimu na hatima ya mahali hapo.

Zaidi ya kamusi na riwaya, lipo jambo la kila boma lenye mvule. Kabla msumeno haujaitwa, ni vyema kuulizwa maswali machache: je, mti huu ni dume au jike? Mwenzake wa karibu yuko wapi? Upo mche wake uliookoka na mdudu? Maswali hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji mtu wa kuinua macho wakati wa maua na kutazama vishada, kama vinaning'inia vyembamba au vimenenepa.